Ratiba ya Siku Kumi, Wala Jina Langu Halimo

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na ninafundisha shule ya msingi. Mume wangu ni mtoto wa kwanza kwao, na tangu baba yake afariki dunia nyumba yetu imekuwa ndiyo nyumba ya ukoo: kila shughuli huanzia kwetu na kila mgeni hufikia kwetu. Silalamikii jambo hilo, maana niliolewa nikilijua. Kinachoninyima usingizi ni likizo ya Juni inayokuja.

Wifi yangu wa mwisho anaolewa, na katika wiki hiyo hiyo mapacha wangu, wenye umri wa miaka kumi, wanapokea komunyo ya kwanza. Ndugu wa Dar es Salaam, Tabora na Mwanza, wakubwa kwa wadogo wapatao ishirini, wameamua kuunganisha shughuli zote mbili na likizo ya watoto wao, na wengi watakuja kwa treni. Wiki mbili zilizopita mume wangu aliketi mezani usiku, akaandika ratiba, akaipiga picha na kuituma katika kundi la WhatsApp la ukoo kabla mimi sijaiona. Ijumaa, kupokea wageni stesheni. Jumamosi, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Jumapili, komunyo na chakula cha mchana nyumbani. Jumatatu, wote Gombe kuona sokwe. Jumanne, Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, na jioni bandarini kuwasimulia watoto historia ya meli ya MV Liemba. Jumatano, Kasulu kumsalimu bibi mzaa baba yake, ambaye umri haumruhusu tena kusafiri. Alhamisi, ufukweni Katonga. Ijumaa, maandalizi. Jumamosi, harusi. Jumapili, kuvunja kamati, nyumbani kwetu. Ukoo mzima uliipokea kwa shangwe, na ilipofika asubuhi watu walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana rangi ya vitenge vya sare.

Shangazi, mwaka jana tulikuwa na wiki ya namna hii, tena fupi kuliko hii. Nilikuwa ninaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa na kulala saa saba usiku. Siku ya ufukweni nilikuwa nimeinamia karai ninakaanga dagaa, na watu wazima tulikuwa tisa. Tulipoanza kukusanya vyombo, Butoyi, yule mdogo wa mapacha, hakuwepo. Kila mtu alidhani yuko na mwenzake. Nilikimbia hadi majini nikiwa na mwiko mkononi, nikaingia na nguo zangu mpaka kiunoni, nikawa ninamwita. Baadaye alionekana amelala chini ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, shavu lote limejaa mchanga. Watu walicheka na kuendelea kupakia masufuria garini. Mimi sikuweza kucheka, na hadi leo nikifika penye maji ninaisikia sauti yangu ya siku ile.

Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Wiki ile yote alikuwa nami jikoni. Siku ya mwisho, alipokuwa anafunga tranka lake la shule, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mama, kwani likizo ilikuwa lini?" Ndoto ya mtoto huyu ni kusomea wanyama, na tangu akiwa darasa la tano ananiomba nimpeleke Gombe.

Nimejaribu kuzungumza na mume wangu, naye akanijibu kwamba shughuli ni watu. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda kweli, aliniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sasa nifanye nini? Nikatae baadhi ya wageni? Nijisingizie ugonjwa? Au nimpeleke binti yangu kwa mama yangu mzazi Kibondo akapumzike, mimi nibaki na mzigo? Sitaki kuonekana mke asiyependa ndugu wa mumewe, kwa sababu ninawapenda.

Mama Bukuru,
Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba, Mama Bukuru.

Naanza na ule mtumbwi, kwa sababu ndio uliobeba uzito wa barua yako ingawa umeuweka katikati. Watu wazima tisa walikuwa ufukweni na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama Butoyi, si kwamba hawampendi, bali hapakuwa na mtu aliyeambiwa, "Mtoto huyu ni wako mpaka saa kumi." Kazi za nyumba yako nazo hazikabidhiwi kwa mtu, lakini zenyewe hazipotei kama mtoto, humwangukia yule ambaye hawezi kulala akiziona. Ndiyo maana mwaka jana mtoto alikosa mwangalizi, na wewe ukakosa usingizi, kwa sababu ile ile moja.

Nimeisoma ratiba ya mume wako mara kadhaa. Ina siku, ina mahali na ina shughuli. Haina mtu. Hakuna mahali palipoandikwa nani ataosha vyombo vya watu ishirini na sita Jumapili jioni, nani atatandika, nani atabaki na watoto wadogo Jumamosi wakati wengine wako ukumbini. Sidhani kwamba mume wako amekuficha kazi hizo. Naamini hazioni, kwa kuwa kila alipoingia sebuleni alikuta zimekwisha. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "nachoka" atasikitika, atakupa pole ya dhati, na ratiba itabaki pale pale.

Kwa hiyo usianze na malalamiko. Ichukue karatasi ile ile, mkae mezani usiku watoto wakiwa wamelala, uchore mstari upande wa kulia na uandike juu yake neno moja: Nani. Kisha mpe kalamu aijaze yeye. Mtajie kazi za kila siku moja moja, pasipo kupandisha sauti: maji ya kuoga ya asubuhi, chai, soko, mkaa, chakula cha mchana, vyombo, kufua, kuwaangalia watoto, chakula cha usiku, vyombo tena. Kila asipojua aandike nani, ataandika jina lako au la binti yenu. Mwache aandike. Akifika Jumapili ya kwanza atakuwa ameandika majina mawili hayo mara nyingi kuliko anavyoweza kuvumilia kuyasoma, na mazungumzo yenu ya kweli yataanzia hapo. Usiipeleke karatasi hiyo katika kundi la ukoo kabla hamjaelewana ninyi wawili, kwa maana mtu akisahihishwa mbele ya dada zake hutetea hata jambo alilokwisha kuliona si sahihi.

Katika yale matatu uliyoniuliza, hakuna hata moja ninaloliunga mkono. Wageni usiwakatae, harusi ya wifi yako ni yao kama ilivyo yako. Ugonjwa wa kusingizia utakulazimu kuutunza kwa siku kumi, na utakapokuwa umelala chumbani anayesimama jikoni ni yule yule binti. Na kumpeleka Kibondo kutampa usingizi, lakini kutamkosesha kumuaga shangazi yake na kuwaona wadogo zake wakipokea komunyo, naye atajua kwamba ametolewa njiani. Yeye hakulalamikia ndugu. Aliuliza likizo ilikuwa lini, na swali hilo linataka siku, tena siku yenye tarehe.

Siku hiyo ni Jumatatu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Gombe ndiyo safari iliyopangwa vibaya kuliko zote katika karatasi ile. Hifadhi hiyo iko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, haina barabara ya kuifikia, na njia yake ni boti tu. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe msituni, kwa hiyo mapacha wako na binamu zao wangevuka maji na kurudi bila kuona walichoahidiwa. Mtu mwenye mafua au kikohozi naye haruhusiwi kuwakaribia, kwa kuwa sokwe wanafanana nasi kiasi kwamba maradhi yetu ya kifua huwaambukiza na yanaweza kuwaua. Sasa fikiria watu ishirini waliolala chumba kimoja kimoja watano watano, katika usiku wa baridi wa Juni, baada ya sherehe mbili mfululizo: mafua hayatakosa mtu. Mume wako apige simu ofisi ya hifadhi mapema, aulize umri unaoruhusiwa, ada na taratibu za boti, ndipo ahesabu watu. Nadhani wataangukia watu sita, nao wanatosha.

Na wewe, Mama Bukuru, uwe mmoja wa hao sita. Najua ulivyozoea, ulikuwa umekwisha kupanga moyoni kwamba baba atampeleka binti nawe utabaki na wadogo. Hapana. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, hakufika peke yake. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae msituni bila mwenzi, na aliyefuatana naye ni mama yake mzazi, ambaye alikaa kambini kwa miezi kadhaa na kuwapa wavuvi wa pwani ile dawa za maradhi madogo madogo. Ni katika mwaka huo huo ambapo binti yake alimwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa ujiti wa nyasi, jambo lililowafanya wataalamu waache kufundisha kwamba mwanadamu peke yake ndiye hutengeneza vifaa. Mwambie binti yako habari hii mkiwa ndani ya boti. Mtoto anayetaka kusomea wanyama, akiwa amezaliwa karibu na msitu huo kuliko mwanasayansi yeyote wa Ulaya, anastahili kuuona huku mama yake ameketi kando yake badala ya kuinamia karai mjini.

Mkiondoka Kibirizi muondoke alfajiri, kwa kuwa miezi hii ya kiangazi upepo wa kusi huvuma kwa nguvu ziwani na mawimbi yake si ya kufanyiwa mzaha. Jaketi okozi zivaliwe na kufungwa mkiwa bado nchi kavu. Nahodha akisema subirini, msubiri.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu mume wako achukue wadogo wote awapeleke Ujiji, ambako ni karibu na hakuhitaji ziwa kutulia. Awaoneshe miembe na mnara wa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na jioni awaketishe bandarini awasimulie Liemba kama alivyopanga: meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Ni hadithi ya kumfanya mtoto wa miaka kumi asahau hata njaa. Lakini njaa itakuja, na mume wako ndiye atakayekuwa na watoto tisa au kumi peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku moja ya namna hiyo itamfundisha zaidi ya maneno yangu na yako. Jikoni siku hiyo washike ndugu wa Dar es Salaam.

Jumanne ikishaachwa wazi namna hiyo, iacheni hivyo hivyo. Msiandike kitu. Watu wafue, walale, wasukane nywele, watoto wacheze mpira barabarani. Atatokea mtu wa kusema, "Kwa kuwa leo hatuna safari, twendeni sokoni wote," nawe utajibu kwamba wanaotaka kwenda waende.

Shughuli za Jumamosi na Jumapili ya kwanza zimepangwa na kamati na parokia, hazisogei. Chukueni wapishi wa shughuli, mkodi na vyombo, na katika bei mnayopatana nao waosha vyombo wawemo. Kwa kuwa wapishi hao watakuwa wamekwisha kuleta masufuria yao makubwa na kuni zao, zungumzeni nao wapike pia chakula cha komunyo Jumapili. Gharama yake itakuwa ndogo kuliko kuanza upya, na wewe utaweza kukaa kanisani hadi misa iishe badala ya kutoka mbio baada ya komunyo kwenda kuangalia wali. Wageni wa mbali watataka migebuka mibichi na dagaa wa Kigoma, lakini usiwaahidi kabla hujauliza mwaloni, maana mwaka 2024, kwa mfano, uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nunua dagaa wakavu mapema uwaweke. Na ile Ijumaa ya mapokezi usiweke ugali motoni kabla hujasikia kwamba treni imepita Uvinza.

Kasulu nayo isifutwe, kwa sababu bibi yule hataonekana tena kila likizo. Ila sioni raha atakayopata akiingiliwa na watu ishirini na sita kwa saa mbili, wote wakimwinamia na kumpiga picha kwa simu, kisha wakaondoka. Waende wale wa mbali ambao hawajamwona kwa miaka, waondoke Jumatano asubuhi, ni kilomita zipatazo 90 tu, walale huko hadi Alhamisi mchana kwa ndugu wa Kasulu, ambao nao wanatamani kupata wageni. Wachukue masweta, kwa kuwa kule juu baridi ya Juni ni kali. Nyumba yako itakuwa na watu sita usiku huo. Nenda kalale mapema.

Ufukwe sasa. Moyo wako unataka kuufuta, na mwenzio nakuelewa. Lakini watoto wa Dar wamekuja kuona ziwa, na Butoyi naye asikue akijua kwamba maji yamekuwa mwiko kwa sababu yake. Nendeni Alhamisi jioni, wale wa Kasulu wakisharudi. Msipike huko. Bebeni mihogo ya kuchemsha, karanga na maji ya kunywa, basi, na karai libaki nyumbani. Kisha mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwatazama walioko majini na asiwe na kazi nyingine: hana simu mkononi, hana mtoto wa kubembeleza, hapigi soga. Asimame penye maji, si kivulini, na kila nusu saa aihesabu idadi ya watoto kwa sauti mbele ya anayempokea zamu, kama makarani wa ghala wanavyokabidhiana magunia. Zamu yako isiwe ya kwanza wala ya pili. Wewe siku hiyo keti mchangani, umtazame mwanao akicheka, mpaka ile sauti unayoisikia ipungue.

Kuhusu kuvunja kamati, kamati hiyo ina mwenyekiti na ina mweka hazina, nao wana nyumba zao. Harusi ikiisha Jumamosi usiku, Jumapili inayofuata si ya kuanza kuwapikia watu supu kwako.

Limebaki neno la mama mkwe wako, ambalo umelichukua kama kemeo. Lisikilize tena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayetajwa kupona ni mwenyeji. Wazee waliosema hivyo walimjua mgeni anayeshika jembe, anayetwanga, anayembeba mtoto wa mwenye nyumba ili mama wa mtoto apate kukaa. Mwambie mama mkwe wako, kwa heshima unayompa siku zote, kwamba umelifikiri neno lake na ungependa akusaidie litimie. Kisha mwombe awe ndiye wa kugawa zamu za jikoni kwa binti zake na wakwe zake. Wewe ukimpangia kazi wifi yako wa Mwanza, atanuna. Akipangiwa na mama yake mzazi, ataosha sufuria.

Mkishaelewana, aliyetuma ratiba ya kwanza ndiye atume na ya pili, kwa jina lake mwenyewe. Nimekuandikia namna inavyoweza kusomeka, nanyi mtabadilisha mnavyoona:

"Ndugu zangu, hamjambo. Ile ratiba niliyowatumia nimekaa na mama watoto tukairekebisha. Gombe Jumatatu wataenda watu sita, yeye na binti yetu wakiwamo, na mimi siku hiyo nitakuwa Ujiji na watoto wote wadogo. Jumanne hakuna ratiba. Jumatano wa mbali wataenda Kasulu kwa bibi na kulala huko. Alhamisi jioni tutakuwa ufukweni pamoja. Kuvunja kamati itakuwa kwa mwenyekiti. Kila familia ije na shuka na blanketi zake, na mama atawapangia zamu za jikoni. Dar es Salaam wataanza Jumatatu. Ufukweni tutakuwa na zamu za kuwaangalia watoto majini. Ya kwanza ni yangu."